Nta Kwenye Usukani wa Kikongwe

Juzi nilipita kwenye gereji moja ya Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini, nikamkuta kijana wa rika lenu amelala chini ya gari la zamani. Alikuwa anashindilia grisi kwenye boksi la usukani kwa bidii ya mtu anayejaza gunia la mpunga. Akaniona miguu, akasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba. Unamlisha nini huyo mzee?"

"Grisi."

"Kwa nini grisi?"

"Mafuta yanavuja, babu. Grisi haivuji."

Nikamwambia ni kweli, grisi haivuji, na hata jiwe halivuji. Akacheka, akaendelea kushindilia. Mimi nikaenda zangu kunywa kahawa, maana mstaafu akishatoa maoni yake hana kazi nyingine ya kumweka hapo. Lakini kahawa haikushuka vizuri. Nikaona afadhali niandike, kwa sababu mtu akiandika hakatizwi na anayelala chini ya gari.

Basi nawaandikia ninyi mliorithi spana zetu. Wengi wenu magari mnayotengeneza yanageuzwa kwa msaada wa pampu, dereva anazungusha kama anakoroga chai. Ya zamani hayakuwa hivyo. Boksi la usukani lilikuwa kasha la chuma, ndani yake mna skrubu nene iliyounganishwa na mhimili wa usukani, na pembeni mwa skrubu kuna mkono unaofuata njia zake na kuyageuza magurudumu. Vyuma viwili vinasuguana mchana kutwa ndani ya giza. Ukivipa kilainishi sawasawa vinaishi kuliko mwenye gari. Ukikosea, vinatafunana, na wewe unaambiwa umetengeneza.

Sasa chukueni sahani ya ugali. Choteni tonge pembeni. Shimo linabaki pale pale mpaka mama aje aondoe sahani. Chukueni bakuli la uji, choteni kijiko, shimo linajifunga lenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ya grisi na mafuta mazito kwenye boksi la usukani. Skrubu ikizunguka inaisukuma grisi kando, grisi inakaa huko kandoni kwa heshima zote, na skrubu inazunguka kavu katikati ya shibe. Mafuta yakisukumwa yanarudi. Lakini mafuta membamba mno nayo yanatoka chini na kuichora sakafu ya gereji. Boksi linataka uji mzito, wala halitaki zaidi ya hapo.

Haya sikufundishwa na mwalimu wangu. Fundi Ramadhani, Mungu amrehemu, alinifundisha kila kitu nilichokijua kwa usahihi isipokuwa hili. Yeye alikuwa mtu wa grisi. Kuna lori moja la kubebea pamba alilijaza grisi mwenyewe, likatoka hapa linakwenda Nzega, na lilipofika Nzega usukani ulikuwa unapiga kelele watu wakatoka madukani kutazama. Dereva alirudi amefura. Fundi Ramadhani akasikiliza ule mlio, akainamisha kichwa, akasema, "Linaimba kwa sababu limeshiba." Akaongeza grisi. Nilimpenda sana yule mzee, na sikuwahi kumbishia mbele za watu, ila nilijifunza kuondoka karibu yake kila alipochukua bomba la grisi.

Aliyenifungua macho alikuwa Bwana Premji, Mhindi mwenye duka la vipuri karibu na soko. Aliuza mafuta kutoka kwenye mapipa, akikupimia kwenye chupa za soda. Kabla hajakupimia alikutia tone kwenye dole gumba, akakuambia ulisugue na kidole cha shahada, kisha uviachanishe taratibu. Mafuta mazuri ya usukani yanavuta uzi. Uzi ukikatika upesi, rudisha. Halafu anakuambia, "Nusa, fundi." Yale ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, yalikuwa na harufu ya yai viza, maana yana dawa ya kulinda meno ya gia, na dawa hiyo hiyo inakula bushi za shaba, zile pete zinazoshika mhimili. Boksi lenye bushi za shaba halitaki harufu hiyo.

Na kitu cha tatu alichonifundisha, ambacho nyote mnakipuuza: alipaka mafuta kwenye kipande cha bati, nusu ya bati akaiweka juani, nusu akaiegemeza kwenye mtungi wa maji. "Ninyi mnajaribu gari saa saba mchana," aliniambia, "na mwenye gari anaondoka alfajiri. Jaribu mafuta yakiwa na baridi." Hapa kwetu wakati wa kipupwe asubuhi inauma, na mchana huo huo unatafuta kivuli. Kilainishi kina tabia mbili kwa siku moja. Lishikeni hili, kwa sababu ndilo lililonitia na kunitoa katika kisa ninachotaka kuwaambia.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji kimoja upande wa Igalula kilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na gari la Kiingereza la kabla ya vita ya Hitler, lenye taa kama macho ya bundi na ubao mrefu wa kukanyagia kila upande. Daktari mmoja wa misheni aliliacha aliporudi kwao baada ya uhuru. Wanakijiji waliliita Kikongwe. Aliyeliendesha ni muuguzi wa zahanati, Nesi Kalunde, mwanamke mfupi, mkali, aliyezalisha nusu ya watoto wa upande ule na kuwajua kwa majina. Mama akishindwa kujifungua pale, Kalunde alimpakia kwenye Kikongwe na kumleta hospitali ya mjini, kwa njia ile ile ya zamani ya misafara, mchanga mtupu, waliyopita wapagazi ambao usukani wao ulikuwa shingo.

Kikongwe aliletwa kwangu usukani umekwisha. Unazungusha mkono mzima ndipo magurudumu yanapata habari. Nikalifungua boksi lote. Bushi mpya za shaba nilichongewa na mkereza vyuma wa reli. Sili ya kuzuia mafuta haikupatikana popote, nikakata ya ngozi ya ng'ombe na kuiloweka kwenye mafuta mpaka ikalainika, na msicheke, ilikaa kuliko hizi zenu za mpira. Kazi ikaisha. Kikabaki kilainishi.

Mafuta mazito yalikuwa yameadimika kama sukari. Bwana Premji alikuwa na mabaki chini ya pipa, akaniwekea. Nikapeleka habari kijijini kwamba nimepata, nikajibiwa nisitie kitu, nije na gari na mafuta yenyewe kwenye kikao.

Katibu wa kijiji alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu wa kupenda vikao. Alinieleza kwa upole kwamba Kikongwe ni mali ya kijiji, kwa hiyo kila kinachoingia ndani yake hakina budi kupitishwa na halmashauri.

"Hata petroli, Ndugu Katibu?"

"Petroli ilipita kikao kilichopita."

Hapo nikaelewa. Kijiji kilikuwa na pipa zima la grisi. Lililetwa kwa ajili ya trekta, na trekta lenyewe lilikuwa bado linasubiriwa. Wakati wa kusubiri, watu walipaka ekseli za mikokoteni, na wazee wawili watatu walipaka magoti. Katibu alisimama akasema, kwa nini tumpe Premji fedha wakati tunayo grisi yetu wenyewe? Kujitegemea ni nini? Akapigiwa makofi. Maandishi ya pipa yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua pale, lakini lilikuwa letu.

Mzee Mihambo, mrina asali, akanyoosha mkono na kusema yeye anayo nta, nta inalainisha kila kitu, hata mlango wa babu yake haukuwahi kulia. Katibu akamjibu kwamba nta ni zao la biashara, inakwenda nje kuleta fedha za kigeni, haiwezi kupakwa kwenye gari. Nta ya Mzee Mihambo ilikuwa na safari ya Ulaya. Sisi tuliobaki tukaendelea kujadili yaliyobaki.

Wanawake wote walikuwa upande wa Kalunde, na Kalunde alikuwa upande wa mafuta yangu. Wanaume wengi walikuwa upande wa pipa. Sauti zikapanda. Mwenyekiti, mzee mpole aliyeogopa mgawanyiko kuliko njaa, akainuka na kusema, "Sisi ni wamoja. Tutie nusu kwa nusu."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya kwanza. Nikasimama kupinga, nikaambiwa mimi ni mwalikwa. Basi nikachanganya, kwenye sufuria ya shule, kwa mwiko, watu wakitazama, huku moyoni namwomba radhi mhandisi wa Kiingereza aliyelibuni lile boksi. Nikakoroga. Grisi ikaanza kulegea, mafuta yakaanza kukaza. Nikainua mwiko.

Ulikuwa uji mzito, unaovuta uzi.

Nikautia, nikakaa kwenye kiti cha dereva, na nikaugeuza usukani wa Kikongwe kwa kidole kimoja. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na kilainishi bora cha usukani nilichopata kukitumia kilichaguliwa na watu walioogopa kugombana. Siku hizi naona kitu kama kile kile kinauzwa madukani kwenye tyubu yenye picha ya gari jekundu. Bei yake msiniulize.

Kijiji kilifurahi, na furaha ikasafiri kuliko ilivyotakiwa. Haukupita muda, mkubwa mmoja wa wilaya akaja kukagua maendeleo. Jina lake halina faida kwenu. Siku zile wote tulikuwa Ndugu, na yeye tulimwita Ndugu, ila tulimwita tukiwa tumesimama. Alikagua shamba la pamoja, akakagua pipa la grisi, kisha akaomba ajaribu gari. Akazunguka uwanja wa zahanati kwa kidole kimoja, akitabasamu. Alipotelemka akasema gari hilo linafaa kwa kazi za wilaya, na wiki inayofuata atakuja kulichukua.

Kalunde alikuja gereji kwangu kwa treni. Hakunisalimu, na kwa mtu wa Tabora kuacha salamu si jambo dogo.

"Fundi Maganga, umelitengeneza mno."

"Nini tena?"

Akanieleza. Kisha akakaa juu ya tairi bovu na akalia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona hata akipepesa macho. Kabla ya Kikongwe, wajawazito wa kijiji kile walipelekwa stesheni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wifi yake mwenyewe alifia kwenye mkokoteni huo pamoja na mtoto tumboni, katikati ya njia, Kalunde akiwa amemshika kichwa na ng'ombe wakitembea mwendo wao ule ule.

"Gari likienda, mkokoteni unarudi," akasema. "Liharibu."

"Nikiliharibu utaendesha nini?"

"Liharibu kwake. Usiliharibu kwangu."

Wateja wengi hawajui kueleza wanachotaka. Yule alijua, na katika maisha yangu sijapata kupewa kazi kwa maelezo yaliyo wazi namna ile.

Fikirini na ninyi. Ningeweza kukaza skrubu ya marekebisho, usukani ukawa mzito, lakini ungekula njia zake, na dereva yeyote wa serikali angeilegeza njiani. Ningeweza kuliacha boksi kavu, nikawa muuaji. Nilitaka uzito usioumiza chuma, usioonekana kwa macho, na wenye saa zake. Mkubwa alisema atakuja asubuhi na mapema, maana kazi za serikali huanza mapema siku ya kuchukua. Na tulikuwa katikati ya kipupwe.

Nikapanda treni na Kalunde, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Mihambo.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Umefuata asali?"

"Nimefuata nta. Lakini nasikia imekwenda Ulaya."

Akatazama huku na huku. "Ile ya Ulaya imekwenda. Hii ni ya nyumbani." Akaingia ndani, akatoka na donge la manjano kubwa kama kichwa cha mtoto.

Namna ya kufanya ni hii, kama siku moja mtaihitaji. Nta iyeyushwe kwenye debe juu ya mkaa wa taratibu, isiguswe na mwali. Mafuta yapashwe moto pembeni, ndipo nta imiminwe ndani kidogo kidogo, ukikoroga. Kila mara unatia tone kwenye chuma kilichoegemezwa kwenye mtungi. Ukilikwaruza kwa ukucha likajikunja, bado. Likikatika kama sabuni ya kufulia, acha hapo hapo. Ukizidisha umetengeneza mshumaa. Nilimwaga uji wa halmashauri, nikatia mchanganyiko wangu ungali wa moto, nikafunga. Jioni hiyo usukani ulikuwa laini vilevile. Kalunde akanitazama kwa mashaka.

"Ngoja kupambazuke," nikamwambia.

Kulipambazuka kwa baridi ya kukata masikio. Mkubwa alifika na dereva wake. Kijiji kizima kilitoka kuaga. Dereva akawasha injini, ikaitika, akaingiza gia, akashika usukani ageukie barabarani. Haukugeuka. Akaukamata kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka shingoni. Kikongwe akaondoka polepole, akanyoosha mbele kama mtu mwenye msimamo, akapita kati ya mabenchi ya mkutano, akaangusha uzio wa bustani ya mchicha, akasimama kwenye kichuguu. Mkubwa akamwambia dereva ashuke, yeye anayajua magari haya. Akarudisha nyuma, akapita tena kwenye mchicha.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Injini ilipopata joto, harufu ya nta ikatoka. Nyuki wachache wa Mzee Mihambo wakaja kuulizia mali yao. Hawakumwuma mtu, walizunguka tu kofia ya mkubwa kwa utaratibu, lakini naamini walisaidia.

Akatelemka, akanyoosha shati, akawageukia wananchi. "Gari hili limechoka," akatangaza. "Litabaki kwa matumizi ya wananchi." Wakapiga makofi, na Katibu, ambaye hakujua lolote, alipiga kuliko wote. Kisha mkubwa akaninong'oneza, "Wewe fundi, siku likipona nijulishe."

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Likipona, linakwenda. Nilimwambia Kalunde ningeweza kurudisha uji hata siku ile ile. Akatikisa kichwa. Akasema atabaki na nta.

Mchana haikuwa tatizo, jua lilimlainishia. Lakini mjamzito hangoji jua. Asubuhi za kipupwe, Kalunde alichemsha maji mabirika mawili, moja la mzazi na moja la kumwagia boksi la usukani, kisha akapanda na kupigana nalo mpaka joto la injini limsaidie. Kila nilipokwenda kukagua gari nilimwona mabega yamepanuka kama ya mpagazi. Aliniambia usiku mikono inakufa ganzi. Nilimsihi nilegeze japo kidogo. Alikataa kila mara, na kila mara nilirudi mjini najisikia vibaya.

Mwaka uliofuata, kipupwe kile kile, nilikuwa nimekwenda kukagua sili ya ngozi. Yule mkubwa naye alikuwa kijijini. Binti yake alikuwa amepangiwa kufundisha shule ya pale, ana mimba ya kwanza, na baba alikuja kumwona. Alikuja kwa treni. Magari ya ofisi yake, tulisikia, yalikuwa yamesimama juu ya matofali yakingoja matairi.

Alfajiri yule binti akashikwa na uchungu. Kalunde alimpima, akatoka nje akiwa amebadilika uso. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Ni hospitali, na ni sasa hivi.

Mabirika yalikuwa motoni. La pili nikalimwaga kwenye boksi, nikajaza jingine, nikapanda kwenye ubao wa pembeni nikiwa nimeshikilia mlango kwa mkono mmoja na birika kwa mkono mwingine, kifuniko cha injini upande wangu kimefunguliwa. Binti na shangazi yake aliyekuwa akimwangalia nyuma, Kalunde kwenye usukani, mkubwa kando yake. Kila tulipoupunguza mwendo mchangani nilimimina. Mvuke ulinipiga usoni. Mkubwa alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mganga kazini, na nyuma yake mwanawe alikuwa anaita mama yake.

Kabla ya kuvuka reli barabara inakata ghafla kulia, na mbele ni korongo. Birika lilikuwa tupu, na upepo wa alfajiri ulikuwa unalipoza boksi kuliko injini ilivyolipasha. Nilimwona Kalunde akiuvuta usukani kwa mwili mzima, akiwa ameinuka kwenye kiti, na magurudumu hayaji.

"Ndugu, shika!" akapiga kelele.

Mkubwa wa wilaya akauvamia usukani. Wakavuta wote wawili, yeye akiguna, Kalunde akimfokea, "Vuta! Vuta, baba, mwanao huyu!" Kikongwe akageuka taratibu, gurudumu la nyuma likachota udongo wa ukingo wa korongo, tukavuka.

Binti alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto wa kike, na wote wawili wazima. Mkubwa alitoka kutuambia, akatukuta uani Kalunde ameketi juu ya ubao wa Kikongwe na mimi nimesimama na birika langu. Mama mmoja alikuwa ametuletea chai. Kalunde alijaribu kuinua kikombe, chai ikamwagika yote kwenye gauni lake, akakirudisha chini.

Mkubwa alilitazama lile gauni lililolowa chai. Kisha akasema, kwa hasira ya mtu aliyetoka kuogopa, "Mwaka mzima! Gari la wagonjwa, usukani namna hii! Kwa nini halikutengenezwa?"

Nilifungua mdomo niseme uongo. Kalunde akaniwahi.

"Lingetengenezwa, Ndugu, leo lingekuwa ofisini kwako, juu ya matofali."

Hakunyanyua sauti. Alisema tu, akiwa amechoka mno kuogopa. Mimi nilikuwa naogopa kwa niaba yetu wawili, maana kwa neno kama lile mtu aliweza kuhamishiwa asikokujua, na fundi akaitwa mhujumu.

Mkubwa akamtazama. Akanitazama mimi, akalitazama birika, na nikaona anaanza kuelewa yale makombo ya nta yaliyoganda kwenye kifuniko cha boksi. Akageuka kulitazama lile dirisha la wodi alikokuwa mwanawe.

"Basi lisitengenezwe," akasema. "Nikiliacha mimi, atalitaka mwingine."

Akachuchumaa, na suruali yake ya kazi za serikali, akamimina chai nyingine kwenye kikombe. Akakishika kwa mikono miwili na kukisogeza mdomoni kwa Nesi Kalunde, akamnywesha polepole mpaka kikaisha.